Gitaa Katika Kifungu cha Tisa

Kifungu cha tisa ndicho kilichomkera Sajenti Generoza tangu asubuhi. Kilisema: "Mwanamuziki atalitunza gitaa la besi, spika na nyaya zote atakazokabidhiwa na Mtayarishaji, na atalipa fidia kwa uharibifu wowote." Alikuwa amekisoma mara nne. Mara zote nne alimwona mzee Masele wa Nkoma, manju, kiongozi wa ngoma, ambaye vyombo vyake vyote ni ngoma tatu, njuga na filimbi, amesimama katikati ya pamba na gitaa la umeme begani. Haikuingia akilini.

Mkataba wenyewe ulikuwa karatasi moja tu, imepigwa chapa upande mmoja, tarehe 12 Oktoba 1996. Chini kabisa, upande wa kulia, palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau. Kwa karatasi hiyo Masele alikuwa amemkabidhi Tajudin, mwenye duka la redio na kaseti karibu na stendi ya Bariadi, nyimbo zake zote, zilizopo na zitakazokuja, milele, pamoja na kanda mama ambayo yeye na wachezaji wake walikwenda kuirekodi Mwanza.

Jumatatu iliyopita Masele aliingia katika duka hilo saa nne asubuhi, mbele ya wateja, akaichukua kanda mama rafuni na kutoka nayo. Hakukimbia. Alikamatwa ng'ambo ya barabara akinywa chai, kanda iko mezani karibu na sukari. Mkataba ukiwa halali, huyo ni mwizi, na hakimu wa Bariadi hakuwa na mchezo na wezi wa madukani. Ukiwa wa kughushi, mwingine ndiye wa kufungwa.

Mkuu wa kituo alishaamua upande wake. Dole ni la mzee, mzee amekubali, jalada liende mahakamani Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Generoza, Mhaya aliyeletwa Bariadi miezi minane tu kabla ya hapo na bado akitaniwa sokoni kwa Kisukuma chake cha kubahatisha, alikuwa amebakiwa na siku mbili na nusu na gitaa lisilokuwepo.

Alimtoa Masele mahabusu kwa mara ya tatu.

"Mzee Masele, umewahi kupewa gitaa?"

"Sijawahi."

"Dole hili ni la nani?"

"Langu."

"Uliliweka lini?"

Mzee akatazama dirisha.

"Uliliweka mbele ya nani?"

"Afande, dole ni langu. Andika hivyo."

Generoza aliandika hivyo, kwa hasira, hadi kalamu ikatoboa karatasi. Alikuwa amewahi kuwahoji watu wanaodanganya, na amewahi kuwahoji watu wanaoogopa, lakini huyu hakuwa akidanganya wala hakuwa na woga. Alikuwa amefunga mdomo kama mtu aliyeshika mlango kwa ndani.

Kwa Tajudin hali ilikuwa kinyume. Huyo alizungumza kuliko alivyoulizwa. Alisema yeye ni mtu wa sheria, kwamba biashara sasa ni huria na kila mtu ajilinde kwa maandishi, kwamba mkataba aliupiga chapa mwenyewe kwa mashine yake ndogo ya kuandikia majina ya kaseti. Alipoulizwa maneno aliyapata wapi, alisema kichwani. Alipoulizwa habari za gitaa, alichukua kitambaa, akafuta kaunta iliyokwisha kufutwa, akasema mkataba mzuri huangalia mbele.

Aliporudi ofisini Generoza aliiweka karatasi ile juu ya meza, akachukua rula. Kifungu cha kwanza hadi cha kumi mistari ilikuwa na nafasi pana, ya kistaarabu. Kuanzia cha kumi na moja ilianza kubanana. Ya mwisho minne ilikuwa imepandana, na kila mmoja ulikatika kabla ya kufika ukingoni, kana kwamba umekuta ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa dole la Masele. Mtu anayeandika kwanza na kutia dole baadaye hana haja ya kulizunguka dole ambalo halijawekwa.

Alimpelekea mkuu wake ugunduzi huo akidhani ameshinda. Mkuu akatazama, akasema wapiga chapa wote wa Bariadi wanabana karatasi siku hizi, hata barua yake ya likizo ilibanwa. Kama anataka wataalamu wa alama za vidole, wako Dar es Salaam, na jalada la mwisho walilolipeleka lilikaa huko miezi mitano. Ana siku ngapi?

Generoza akatoka na karatasi yake. Kilichomuudhi si mkuu kumkatalia. Kilichomuudhi ni kwamba angekuwa yeye kwenye kiti kile, naye angesema vilevile.

Lakini kifungu cha tisa kilikuwa na lugha ya kitabu. Hakuna muuza kaseti anayesema "atakazokabidhiwa" kutoka kichwani. Saa nane mchana alibisha kwenye chumba cha afisa utamaduni wa wilaya, mtu mmoja mwembamba aitwaye Athanasi, ambaye ofisi yake ilikuwa na kabati moja, ngoma moja iliyopasuka na kalenda ya mwaka uliopita. Athanasi alisoma mistari miwili tu ya mkataba, akacheka, akafungua kabati.

Alichotoa kilikuwa kijitabu chembamba kinachowafundisha wanamuziki habari za mikataba: nani mwenye wimbo, nani mwenye kanda, mtayarishaji anaweza kudai nini, ugomvi upelekwe wapi. Ukurasa wa ishirini na tatu ulikuwa na mkataba wa mfano. Generoza aliweka karatasi ya Tajudin pembeni yake na kufuata kwa kidole. Neno kwa neno. Gitaa la besi, spika, nyaya. Aliyenakili alikuwa amebadilisha majina na tarehe tu, mengine akayachukua mazimamazima, maana ukishaambiwa kitu ni sheria unaogopa hata kukipunguza mkia.

"Kilichapishwa lini?" aliuliza, akiitazama tarehe ya mkataba.

Athanasi akafunua jalada. Ukurasa wa kwanza kuonekana ulikuwa wa tisa. Zilizotangulia zilikuwa zimekatwa kwa wembe, vizuri kabisa.

Alieleza bila aibu. Tangu wizara ibane matumizi, ofisi yake haijaletewa karatasi. Kurasa za mwanzo za vitabu huwa na nafasi nyeupe nyingi, kwa hiyo hukatwa na kuandikiwa barua fupi: kibali cha ngoma, ruhusa ya msiba, mwito wa kikao. Hakukumbuka kijitabu kililetwa mwaka gani. Nani aliwahi kukiazima? Wengi, alisema, vijana wa muziki hawakauki hapa.

"Daftari la kuazima?"

"Afande, nimekueleza. Karatasi ndiyo hatuna."

Generoza alikaa kwenye kiti cha wageni, akainamisha kichwa. Wiki nzima, na ushahidi wenyewe ulikuwa umegeuzwa ruhusa ya msiba wa mtu. Athanasi alimwonea huruma. Alimwazima kijitabu kile, akamwambia nakala nyingine anayoijua yeye iko Lagangabilili kwa mwalimu wa kwaya, Marcelo, aliyeinunua mwenyewe baada ya kusikia nyimbo za kwaya yake zinauzwa Maswa na mtu asiyemjua.

Kesho yake gari la kituo halikuwa na mafuta, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Generoza alipanda lori la mmoja wa wanunuzi wapya wa pamba, akaketi mbele kati ya dereva na karani, na njia nzima akasikiliza jinsi kampuni ile nyingine inavyopunja mizani. Barabara ilikuwa bado na makorongo ya mvua za El Nino. Alifika Lagangabilili saa tano, vumbi hadi kwenye nyusi.

Mwalimu Marcelo alimpokea uani. "Mwangaluka, mayu," alisema, salamu ya asubuhi kwa mama, akampa maji ya kunywa, halafu, aliposikia shida yake, akamletea beseni anawe mikono. Kitabu chake kilikuwa kimevikwa jalada la karatasi ya kalenda na kuwekwa ndani ya kasha pamoja na vitabu vya nyimbo za misa. Hakikuwahi kutoka nyumbani kwake, alisema, na hata leo hakitatoka ila kwa risiti ya serikali.

Generoza alikifungua. Ukurasa wa pili, chini, kwa herufi ndogo: chapa ya kwanza, Juni 1997.

Akaweka mkataba juu ya ukurasa huo. Oktoba 1996. Tajudin alikuwa amenakili kitabu miezi minane kabla hakijazaliwa. Kwa mara ya kwanza wiki ile Generoza alicheka, kicheko cha kweli, hadi mke wa Marcelo akachungulia mlangoni. Mzee atatoka. Hakuna hakimu atakayeruka tarehe ile.

Akageuza ukurasa kwa furaha tu, kama mtu anayekula ukoko baada ya kushiba. Ukurasa wa tatu ulikuwa na onyo la kwanza, limezungushiwa mstari mweusi: msomaji asitie kamwe sahihi wala dole kwenye karatasi tupu, hata kwa mtu anayempenda.

Kicheko kikaisha. Alitoa mkataba kwenye bahasha tena, akaupeleka juani. Herufi ya mwisho ya neno "milele" ilikuwa imepanda juu ya ukingo wa dole, wino mweusi juu ya zambarau. Dole lilitangulia. Karatasi ilikuwa tupu, ikiwa na dole peke yake, kabla mashine haijaigusa.

"Mwalimu," alisema, "kuna mtu huku anayeweka dole kwenye karatasi tupu?"

Marcelo alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama kuna mtu huku anayekula ugali. Karibu wazee wote, alisema. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kimoja na karani mmoja. Siku hizi wanunuzi wanakuja watano, kila mmoja na fomu yake. Mtendaji anataka barua ya kibali kwa kila ngoma. Mzee asiyejua kusoma hawezi kuacha shamba na ng'ombe kila siku kwa ajili ya dole. Kwa hiyo msimu ukianza anakaa chini mara moja, anatia madole kwenye karatasi tano, sita, anamwachia msomaji wake. Haja ikitokea, msomaji anaandika juu.

"Na msomaji wa mzee Masele ni nani?"

Marcelo alichukua kitabu chake mkononi mwa Generoza, akakifunga.

"Mayu, yule mtoto hana ubaya," alisema. "Milembe, binti yake. Alifika hapa mwaka jana, tisini na saba, mwezi wa kumi, kwa baiskeli kutoka Nkoma. Aliniuliza kama wimbo usio na karatasi una mwenyewe. Baba yake alikuwa amesikia sauti yake mwenyewe kwenye lori la watu wa Mwanza wanaouza kaseti. Akaniomba kitabu. Nikakataa kisitoke. Nikamwambia kingine kiko Bariadi, kwa Athanasi."

Akalisugua jalada kwa kidole gumba. "Ningempa tu," akasema.

Generoza alimjua Milembe. Kituo kizima kilimjua. Ndiye aliyekuja kila siku mchana na kikapu, akamsalimia kila askari kwa zamu, akauliza kama afande ameona chochote cha kumsaidia baba.

Alingoja lori la kurudi saa mbili nzima kando ya barabara, na kwa saa mbili hizo alijichukia yeye, na kazi, na kijitabu. Angeweza kuishia kwenye tarehe. Tarehe ilitosha kumtoa mzee. Lakini swali la pili la mkuu wa kituo, na la kwanza la hakimu, lingekuwa ni nani aliyempa Tajudin karatasi yenye dole la kweli. Na Tajudin asingekubali kuzama peke yake.

Hakukubali. Jumapili asubuhi, alipowekewa tarehe zile mbili ubavu kwa ubavu, alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Kisha akasema karatasi hakuiiba, aliletewa na binti wa mzee mwenyewe. Yeye binti alisoma kitabu kwa sauti, yeye Tajudin akapiga chapa. Tarehe ya nyuma ndiyo ilikuwa shauri lake. Watu wa Mwanza walianza kuuza zile nyimbo mwanzoni mwa tisini na saba, na mkataba wa kuwashinda ilibidi uwatangulie. Nakala ile haikuwa na tarehe ya kuchapwa, angejuaje? Generoza alimweka mahabusu, na hakuona raha yoyote.

Milembe alifika saa saba. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili hivi, mrefu, mwenye mkono wa kulia uliochubuka kwa kuchuma pamba. Kwenye kikapu mlikuwa na michembe ya viazi vitamu na karanga. Generoza hakumpeleka chumba cha mahojiano. Alimkalisha kwenye benchi mbele ya meza yake, akampa onyo la kisheria neno kwa neno, kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema litaandikwa. Halafu akamwekea nakala ya Marcelo, aliyoitolea risiti, imefunguliwa ukurasa wa tatu.

Milembe alisoma midomo ikitikisika. Aliporudia, alisoma kwa sauti ndogo. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza na kuupapasa, kama anayetaka kuhakikisha umeshonwa.

"Ukurasa huu kwangu haukuwepo," alisema.

"Najua."

"Changu kilianzia ukurasa wa tisa. Pale pameandikwa wimbo usio na mkataba unaweza kuchukuliwa na yeyote. Nikaona nimemchelewesha baba. Tajudin akasema tukiuandika wa zamani, watu wa Mwanza watanyang'anywa." Akafunga kijitabu. "Lile neno milele, afande, mimi nilidhani wimbo unalindwa milele."

"Baba yako ulimwambia?"

"Nilitaka kumwambia baada ya watu wa Mwanza kushindwa. Siku Tajudin alipomkatalia kanda yake ndiyo alijua. Aliniuliza karatasi zimebaki ngapi. Nikamwambia nne. Alitia tano."

Basi Masele alikuwa amejua kabla hajaingia dukani, na wiki nzima alikuwa amekaa kwenye sakafu ya saruji akirudia maneno yale matatu ili asiulizwe la nne. Generoza aliandika maelezo ya Milembe kwa mwandiko mkubwa, akiacha nafasi pana kati ya mistari, na alipomaliza akapiga mstari wa kufunga mara moja chini ya neno la mwisho, pasibaki mahali pa kuongeza kitu. Akamsukumia.

"Soma kabla hujatia sahihi."

Milembe alisoma yote. Alisahihisha jina la kijiji cha mama yake. Akaandika jina lake lote, na askari wa zamu akamwongoza kwenye mahabusu ya wanawake, kikapu kikabaki juu ya benchi.

Mkuu wa kituo aliidhinisha dhamana ya Masele bila maneno mengi. Kesho mashtaka yake yangeondolewa. Akasema Generoza amefanya kazi nzuri. Generoza alimwomba asimwambie tena hivyo leo.

Mzee aliletwa kaunta, akakalishwa. Alikiona kikapu kwenye benchi na hakuuliza. Generoza akamwekea fomu ya dhamana, akasogeza kidau cha wino wa zambarau karibu na mkono wake, akamweleza kuwa akitia dole hapo chini anakwenda nyumbani.

Mikono ya Masele ilibaki magotini.

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba unatoka kwa dhamana, na kesho utafika mahakamani."

"Nani ananisomea?"

"Nakusomea mimi, mzee."

"Wewe si msomaji wangu, mayu. Msomaji wangu yumo humo ndani."

Askari wa zamu akamtazama Generoza. Kanuni zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja iliyozungumzia jambo hili. Generoza akachukua fomu na kidau, akamwongoza mzee ukumbini hadi kwenye mlango wa nondo wa mahabusu ya wanawake, akaiingiza fomu kati ya nondo mbili.

Milembe aliipokea, akaigeuzia kwenye mwanga. Alimsomea baba yake kwa Kiswahili, halafu mstari kwa mstari kwa Kisukuma, na sauti yake ilikatika mara moja tu, kwenye jina. Alipofika mwisho hakuirudisha. Aliinama, akatafuta chini kabisa ya karatasi, akasoma na herufi ndogo zile ambazo hakuna mtu kituoni aliyewahi kuziona: jina la kiwanda kilichochapa fomu, na mwaka.

"Ni hayo tu," alisema. "Hakuna kingine."

Masele akachovya dole.